Mashuka Mawili

Niseme kwanza, ili anayetaka kuacha kusoma aache hapa hapa: sitaomba msamaha. Huku Marekani walinitaka niombe nikiwa Louisville, wakanitaka niombe nikiwa Columbus, wakanitaka niombe nikiwa Buffalo, na kila mahali walitumia sauti ile ile ya upole, sauti ya mtu aliyefunga kisu ndani ya leso. Binti yangu sasa anatembea, anavunja vikombe, anang'ata wageni. Hakuna mchungaji aliyewahi kumwekea mkono kichwani.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Sisi ni watu wa milima ya Kivu ya Kusini, na ni watu wa kanisa. Mtoto akizaliwa, analetwa mbele Jumapili. Mchungaji anampokea mikononi, anamwinua juu, anataja jina lake, anamwombea, na kina mama wote wanapiga vigelegele mpaka masikio yanauma. Wiki hiyo kina mama wanakuja nyumbani na uji, sabuni na nepi, wanamwogesha mtoto wakiimba. Mtoto ambaye hajafanyiwa hivyo ni kama mtu aliyeingia nyumbani kwa kupitia dirishani. Yuko ndani, ndiyo, lakini kila mtu anamwangalia.

Na kama mama yake hana mume, basi mama asimame kwanza mbele ya watu wote, peke yake, akiri, aombe msamaha. Kabla ya hapo anakaa nyuma. Ndiyo adhabu yetu, kukaa nyuma. Huimbi kwaya, hushiki mkate wala kikombe cha Meza ya Bwana, hupewi kazi hata ya kupanga viti. Unakaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango wa choo, na kila anayekwenda kukojoa anakuangalia tumbo.

Mimba yangu ilianza Louisville, mtaa wa Iroquois, mwaka niliomaliza sekondari. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mwanamume alikuwa mpiga kinanda. Sitaki kusema zaidi juu ya hilo, kwa sababu hakuna zaidi: alinipenda nikampenda, tumbo likaja, yeye akaacha kupokea simu.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani Jumamosi. Mama aliwapikia chai na mandazi. Mama yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, anasimama siku nzima anakunja mashuka, na siku hiyo alikuwa ametoka kazini mgongo umekufa, lakini alipika. Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani. Cheo hicho kilikuwa kitu pekee alichokipata Marekani ambacho hakikuwa na jasho la mashine.

Mzee mmoja akakohoa. "Binti yetu, tumesikia."

"Mmesikia nini, baba?"

"Donc, usitufanye watoto. Tumbo halifichwi na kitenge."

"Silifichi. Nimevaa kitenge juu ya baridi."

Mama akanifinya pajani, mzee asione.

Bon. Sasa angalia jambo hili, kwa sababu ndilo linalonichoma hadi leo. Hakuna aliyeuliza ni nani. Hata mmoja. Hawakuuliza kwa sababu walijua, na walijua kwa sababu baba wa mpiga kinanda alikuwa amekaa pale pale, kwenye kochi letu, ndazi mkononi. Mzee wa kanisa. Alimeza, akapangusa mafuta midomoni, akasema, "Tumwombee dada yetu, shetani amempitia." Wakainamisha vichwa. Mimi sikufunga macho. Nilimwangalia anavyoniombea.

Jumapili nilikaa nyuma. Mwanawe alikaa mbele, kwenye kinanda, na shati jeupe limepigwa pasi. Alipiga vizuri, tena. Na wiki ile ile mama akaondolewa kwenye uongozi. Walimwambia hivi: mama asiyeweza kuchunga nyumba yake atachungaje nyumba ya Mungu? Alirudi nyumbani akavua kitenge cha kamati ya kina mama, akakikunja kama anavyokunja mashuka ya watu, kona kwa kona, akakiweka kabatini. Kisha akanigeukia.

"Weye utaenda kwa mama yako mdogo, Columbus."

"Kufanya nini?"

"Kuwa mbali."

Akanipeleka mwenyewe kwenye basi. Hakunipungia mkono.

Columbus nilipata kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala kubwa ambako ukienda chooni mashine inahesabu dakika. Mama mdogo alinipa godoro chumbani kwa binti zake. Alinipokea kwa mikono miwili, sitasema uongo, na kwa Jumapili mbili tatu kanisa la Columbus lilinipokea pia. Walinipa hata kitabu cha kwaya. Halafu mchungaji wa Columbus akampigia simu mchungaji wa Louisville kumsalimia tu, kama wanavyosalimiana, na Jumapili iliyofuata dada mmoja akaja akanipokonya kile kitabu mkononi katikati ya wimbo. Akaninong'oneza, "Mama, nenda nyuma, utapumzika vizuri." Utapumzika! Kana kwamba benchi ni kitanda.

Mtoto mdogo wa mama mdogo akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti, mbona naketi na watu waliochelewa. Watu wakacheka.

Mwezi wa mwisho wa tumbo langu mama mdogo akaanza kufagia chumba nikiwa ndani. Anayejua, anajua maana yake: mgeni, ondoka. Nikamwuliza.

"Mama mdogo, nimekukosea wapi?"

"Hapana, mwanangu, hapana. Ni mume wangu... ni baba yenu mdogo. Wanataka kumweka ushemasi."

"Ushemasi wake na mimi kuna nini?"

"Ukizalia hapa, watasema mtoto ni wa nyumba hii. Watasema shemasi gani huyu. Zalia pengine, kisha rudi. Tutakupokea."

Nilikuwa siwezi kufunga viatu vyangu mwenyewe. Nilipanda basi tena. Rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi, tuliyechota naye maji Burundi tukiwa watoto, alikuwa na chumba Buffalo, Lower West Side, ghorofani, juu ya mzee wa Kiburma anayefuga njiwa. Yeye si mtu wa kanisa. Aliniambia kwenye simu, "Kuya tu, acha kulia, leta mablanketi." Binti yangu alizaliwa Buffalo, theluji ikiwa imefunika magari, na hakuna mtu aliyekuja na uji.

Nilipopata nguvu nilitafuta kazi, nikapewa ya kutunza wazee majumbani. Wa kwanza nilipewa bibi mmoja wa Kizungu, mkono wake wa kulia hauinuki, ulimi wake unainuka mno. Alikuwa mwalimu wa chuo, wa historia ya Uingereza ya zamani, ile ya miaka mia nne, mia tano iliyopita. Vitabu mpaka kwenye ngazi. Nilimwita Mwalimu, kwa sababu jina lake la kwanza lilikataa kutoka mdomoni mwangu. Mtu wa umri wa bibi yangu huwezi kumwita kama rafiki wa shule. Aliutukana uji wangu wa shayiri kila asubuhi. "Huu ni uji au ni saruji?" Nami nikamjibu, "Kula, Mwalimu, ujengeke." Tulielewana hivyo.

Sasa, kanisa letu lipo hata Buffalo. Lipo kila mahali, kama mende. Nilikwenda, nikajua njia yangu, nikakaa nyuma bila kuambiwa. Mchungaji akaniita ofisini, kijana, mpole, akaniambia, "Dada, mtoto anakua. Tunataka kumbariki. Simama Jumapili moja tu, ukiri, tumalize." Nikamwambia nitafikiri. Nyumbani nikapigiwa simu na mama, ambaye hakuwa amenipigia tangu theluji ile mtoto alipozaliwa. Wazee wa Louisville wamemwambia nikisimama watamrudishia kitenge chake cha kamati. Anakuja mwenyewe, na gauni la mtoto.

Nikamwomba Mwalimu ruhusa ya Jumapili. Akataka kujua sababu. Nikamweleza nikiwa namwosha miguu. Akaanza kucheka.

Nikaacha mguu wake ukaanguka ndani ya beseni.

"Usinicheke."

"Sikucheki wewe. Nawacheka wao. Watu hawa nimewasoma maisha yangu yote, nikadhani wamekufa."

Akanituma nivute kitabu hiki, na kile, na cha chini yake, akaanza kusema na macho yanang'aa, kama mtu aliyeona kichakani mnyama aliyeambiwa ameisha duniani. Nilichukia furaha yake. Lakini nilisikiliza. Uingereza, akasema, msichana aliyepata mimba bila mume aliripotiwa na wazee wa kanisa, majirani zake tu, wakulima wenye vyeo vidogo, kwenye mahakama ya askofu. Wakamhukumu asimame kanisani Jumapili, kichwa wazi, miguu mitupu, amejifunika shuka jeupe, fimbo nyeupe mkononi, akiri mbele ya watu. Mpaka afanye hivyo, kanisa halimpokei kumshukuru Mungu kwa uzazi wake.

"Shuka jeupe," nikasema. Nilimfikiria mama kiwandani.

"Jeupe. Na kama alikuwa maskini na tumbo kubwa, wazee wa kijiji walimsukuma avuke mpaka, aende kuzalia kijiji cha jirani, ili mtoto asiwe mzigo wao. Na jirani naye anamsukuma mbele."

Niliona mama mdogo anafagia.

Akaendelea. Mfalme wao mmoja aligombana na Papa, akalitwaa kanisa lote, akavunja nyumba za watawa zilizokuwa zinalisha maskini. Watu walikatwa vichwa. Kila kitu kikapinduliwa, sala, lugha ya sala, mali. "Lakini mahakama ya matumbo ya wasichana," akasema Mwalimu, "hiyo haikuguswa. Ilikuwa na faida kwa kila upande."

"Na mkunga?" akauliza mwenyewe, akajibu mwenyewe. "Mkunga alikula kiapo. Msichana akiwa kwenye uchungu, mkunga anamwuliza: ni nani? Asipotaja, hamsaidii."

"Wanyama," nikasema.

"Wanyama. Lakini uliza walitaka jina la nini."

"La nini?"

"Wampate mwanamume. Alipe ulezi. Na mahakama ya askofu ikamwite naye. Naye asimame na shuka."

Nilikuwa nimeshika taulo. Nikamwambia arudie.

"Naye asimame na shuka. Mara nyingine siku moja, kanisa moja, wawili. Mwenye mali alijinunua, alilipa akasamehewa aibu. Usidhani ninakusifia mbingu. Lakini sheria ilisema wawili. Na mtoto walimbatiza hata hivyo. Mtoto hakungoja."

Niliondoka kwake nikisahau kufunga koti, upepo wa ziwa sikuusikia. Wauaji wale. Watu waliochoma wenzao kwa kubishania mkate wa sakramenti. Wao waliuliza ni nani. Wao waliandaa mashuka mawili. Kanisa langu, linaloimba neema toka asubuhi hadi saa nane, halikuweza kununua shuka la pili.

Mama akafika Ijumaa. Alimwangalia mjukuu wake muda mrefu bila kumgusa, kisha akamgusa, kisha akamng'ang'ania mpaka mtoto akamng'ata. Jumamosi tukaenda Grant Street kununua unga wa muhogo, samaki wadogo wakavu wa ndakala na mawese. Dukani tukakuta mama mmoja wa kanisa, mnene wa maneno.

"Aaa, ndiyo huyu mtoto! Mzuri! Anafanana na... na weye tu, eh? Na weye tu."

"Anafanana na baba yake," nikasema. "Unamjua. Umecheza muziki wake kwenye mkutano wa Louisville."

Mama akaniburuta nje, mfuko wa ndakala bado haujafungwa.

"Uko na kichwa nguvu! Juu ya nini unanifanya hivi? Nilikuzala mu njia, tukikimbia, mvua inanyesha. Kesho unasema 'nisameheni', neno moja, inaisha."

"Itaisha kwa nani, mama?"

"Kwa wote."

"Yeye amesema neno gani?"

"Yeye ni mwanaume."

Watu walikuwa wanapita na mifuko yao. Nikamweleza pale pale barabarani habari ya Waingereza. Shuka, fimbo, mkunga, vijiji vinavyosukumana. Nilieleza vibaya kwa hasira, nikichanganya wafalme. Mama aliokota ndakala walioanguka, mmoja mmoja.

Jumapili nilisimama. Ndiyo, nilikwenda mbele, mtoto mkononi, kavaa gauni jeupe aliloletewa na bibi yake, viatu hana kwa sababu amevivua. Mchungaji kijana akanipa kipaza sauti na akatabasamu kama daktari wa meno.

Nikasema, "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nimeambiwa nisimame. Nimesimama. Sasa nauliza, mwenzangu yuko wapi?"

Mama mmoja akasema, "Yesu."

"Mtoto huyu sikumfanya peke yangu. Baba yake yuko Louisville, leo anapiga kinanda mbele ya Mungu, na baba yake ni mzee wa kanisa. Mnamjua. Wazungu wa zamani, wakatili kuliko ninyi, waliwasimamisha wote wawili. Siku atakapokuja kusimama hapa kando yangu, nitaomba msamaha kwa sauti kuliko yeye. Leo, mbarikini mtoto. Yeye hana deni—"

Hapo kikafanyika kile tunachofanya siku zote. Kwetu mtu akipotoka kwenye ushuhuda, hafukuzwi, hanyang'anywi kipaza sauti. Mtu anaanzisha pambio. Kiongozi wa kwaya akapaza, ngoma ikaingia, wakasimama wote, makofi, na sauti yangu ikazama. Niliona midomo yangu mwenyewe inavyokwenda bure. Mchungaji akaimba akiwa amefumba macho, mikono yake nyuma. Binti yangu, ambaye haelewi, akaanza kucheza.

Nilimtafuta mama. Alikuwa ameketi. Watu wote wamesimama, yeye ameketi, mkoba magotini, na haimbi.

Kwenye maegesho hakunitazama. Alifungua mlango wa gari la rafiki yangu, akamfunga mtoto kwenye kiti chake, akabaki ameinama pale.

"Wale Wazungu," akasema. "Mwanaume alisimama kweli?"

"Alisimama."

"Na shuka?"

"Na shuka, mama. Miguu mitupu."

"Hm."

Ndilo neno pekee. Jumatatu akapanda basi. Nikajua nimempoteza yeye, na kitenge chake, na baraka ya mtoto, vyote kwa ushuhuda mmoja, na nikakasirika zaidi, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na kweli haikununua chochote.

Kanisa la Louisville linaonyesha ibada yake moja kwa moja kwenye simu. Sikuwa nimewahi kufungua. Jumapili iliyofuata, nikiwa kwa Mwalimu nakoroga saruji yake, rafiki yangu akanipigia: fungua, fungua sasa. Nikafungua. Nikamwona yeye kwenye kinanda, shati limepigwa pasi. Nikaona kwaya. Halafu upande wa kina mama mtu akasimama na kutembea mbele wakati wa wimbo, taratibu, kama anayepeleka sadaka. Mama yangu. Mikononi ana shuka jeupe, limekunjwa kona kwa kona vile anavyojua yeye tu. Akaliweka juu ya kinanda, juu ya mikono ya mpigaji.

Muziki ukakatika. Mwalimu, ambaye haelewi neno la Kiswahili, alishika bega langu kwa mkono wake mzima.

Mama alisema kitu, lakini hakuwa na kipaza sauti. Nilisikia neno "mumoja" na neno "wawili". Mtu akaanzisha pambio. Likaenda mstari mmoja bila kinanda, likafa. Mwanamume akasimama, akatoka kwa mlango wa kando, shuka likaanguka nyuma yake. Mama akaliokota, akalipangusa, akalikunja upya. Kisha aliyeshika kamera akaigeuza ukutani, na tukabaki tunaangalia saa ya kanisa.

Alinipigia mchana. Alikuwa anahema, anatembea kwa miguu, hakuna aliyempa usafiri.

"Bon. Wameniweka nyuma."

Sikusema asante. Aliyenipandisha basi la kwanza ni yeye, na sijasahau, na yeye anajua sijasahau.

"Na mtoto?" nikamwuliza. "Nani atambariki sasa?"

"Mlete huku. Mikono niko nayo."